Star Trek ya 2009: ruhusa iliyoandikwa ndani ya hadithi

Star Trek ni hadithi ya Kimarekani ya televisheni na sinema kuhusu mabaharia wa meli ya angani iitwayo Enterprise. Filamu yake ya 2009 iliwaanzisha upya wahusika wa zamani na kubadili historia yao, na baadhi ya mashabiki wakakasirika. Utetezi wake mzima umo katika mazungumzo yasiyofika dakika moja. Sayari ya Vulcan, kwao afisa Spock, imekwisha kumezwa na shimo jeusi. Mama yake Spock amepotea mwanawe akiwa amenyoosha mkono kumshika. Maafisa waliobaki wamekusanyika kwenye chumba cha usukani cha Enterprise, wanajaribu kuelewa adui huyu ametokea wapi. Spock anaeleza kwamba Nero ametoka wakati ujao, na tangu siku aliyoishambulia meli ya Kelvin mambo yameacha njia yake, wala hakuna anayeweza kutabiri yatakayofuata. Uhura, afisa wa mawasiliano, anamalizia: basi huu ni uhalisia mwingine. Spock anakubali, na kazi inaendelea.

Ukiitazama kwa makini utagundua kuwa hakuna mhusika anayeyahitaji maelezo hayo. Hawajui maisha yao "yalipaswa" kuwaje, kwa hiyo hawana cha kulinganisha. Waliohitaji kuambiwa ni sisi tuliokaa kwenye viti, ambao tulijua Kirk, nahodha wa hadithi ya zamani, alipitia meli gani kabla ya Enterprise, na kwamba Vulcan ilikuwapo salama salimini karne moja baadaye. Waandishi, Roberto Orci na Alex Kurtzman, walikuwa wanazungumza nasi kupitia midomo ya Spock na Uhura. Walikuwa wanaomba ruhusa.

Kwa nini waombe? Kwa sababu mzigo waliourithi ulikuwa mkubwa. Mfululizo wa kwanza ulianza kurushwa Marekani tarehe 8 Septemba 1966 na ukaisha 1969 baada ya vipindi 79. Kuanzia 1987 mpaka 2005 kulikuwa na mfululizo mmoja au mwingine hewani bila kukatika, na ukijumlisha vyote vilivyoigizwa na watu halisi unapata vipindi zaidi ya 700, achilia mbali filamu 10. Humo ndani kila tarehe, kila meli na kila vita vina mahali pake, na mashabiki wanavijua kama mtu anavyojua ukoo wake. Lakini ukoo ulikuwa umechoka. Filamu ya 10, Nemesis ya 2002, iligharimu dola milioni 60 na kuingiza kama milioni 67 tu dunia nzima, na mfululizo wa Enterprise ukasitishwa 2005. Studio ya Paramount walipomkabidhi mwongozaji J.J. Abrams kazi ya kuanza upya, walitaka watu ambao hawajawahi kuona hata kipindi kimoja waingie sinema.

Kulikuwa na njia mbili zilizozoeleka. Ya kwanza ni kufuta kila kitu na kuanza tangu mwanzo bila maelezo, kama filamu za James Bond zilivyofanya mwaka 2006. Ya pili ni kusimulia ujana wa Kirk na Spock kwa kuheshimu kila tarehe, ambapo mtazamaji anajua tangu dakika ya kwanza nani atapona. Orci na Kurtzman walitafuta ya tatu. Mwaka 2387, katika historia ileile ya zamani, nyota inalipuka na kuiangamiza sayari ya Romulus. Spock, sasa mzee, anachelewa kuiokoa. Nero, mchimbaji madini wa Kirumulani aliyepoteza mkewe, anavutwa pamoja naye ndani ya shimo jeusi na kutokea mwaka 2233, siku anayozaliwa James Kirk. Anaishambulia Kelvin, na babake Kirk anakufa baada ya kuwa nahodha kwa dakika 12. Hapo wakati unagawanyika. Mkondo wa zamani unaendelea kivyake, na huu mpya uko huru.

Na ili shabiki aamini kuwa mkondo wa zamani upo bado, wakamleta shahidi kutoka huko. Leonard Nimoy, mwigizaji wa Spock yuleyule wa 1966, alikuwa na miaka 78 filamu ilipotoka. William Shatner, mwigizaji wa Kirk wa zamani, hakuitwa. Kirk wake alishauawa katika filamu ya 1994, na ingawa waandishi walimwandikia kipande kifupi, hakikutumika. Shatner hakuficha kwamba hilo lilimuuma.

Namna Nimoy alivyotumiwa kama muhuri ilionekana hata nje ya filamu. Tarehe 6 Aprili 2009, katika sinema ya Alamo Drafthouse mjini Austin, Texas, mashabiki walikwenda kutazama filamu ya zamani ya 1982, The Wrath of Khan. Dakika chache baada ya kuanza, mkanda ukaungua kwenye skrini. Wakati waandishi wakiwapoza watu, Nimoy akajitokeza mbele akiwa na kopo la mkanda mkononi na kuwauliza kama wasingependa kuona ile mpya. Ukumbi ukalipuka kwa shangwe. Ilikuwa imepangwa, bila shaka. Lakini angalia ujumbe wenyewe: cha zamani kinaungua, kisha mtu wa zamani anatoka kukwambia si kitu, endelea. Ni filamu nzima imefupishwa kwa dakika tano.

Mashabiki wa aina fulani hawapozwi hivyo, na mimi nawaelewa. Hoja yao ya kwanza ilikuwa ya kisheria. Katika Star Trek ya zamani, ukibadili yaliyopita unafuta yaliyopo. Katika kipindi cha 1967, The City on the Edge of Forever, McCoy, daktari wa meli, anamwokoa mwanamke mmoja asigongwe na gari, na papo hapo meli iliyokuwa ikizunguka juu ya sayari inatoweka. Inabidi Kirk amwache afe ili dunia irudi. Katika filamu ya 1996, Borg, maadui walio nusu mashine, wanarudi nyuma katika wakati na Dunia yote inageuka kuwa yao. Kwa kanuni hizo, Nero hakuzaa mkondo wa pili. Aliufuta wa kwanza, pamoja na vipindi zaidi ya 600 vinavyosimulia yaliyotokea baada ya 2233. Ndiyo maana watu walikasirika kama waliovunjiwa nyumba.

Orci alijibu kwa fizikia. Alitaja tafsiri ya dunia nyingi katika mekanika ya kwanta, ile iliyopendekezwa na Hugh Everett mwaka 1957, kwamba kila linalowezekana hutokea katika tawi lake. Akaongeza ushahidi kutoka ndani: kipindi cha Parallels cha 1993, ambamo afisa aitwaye Worf anahamahama kati ya uhalisia tofauti na zote zipo kwa pamoja. Ni jibu zuri, ila lina kasoro ya kumpa mtu ufunguo unaofungua kila mlango. Chukua Chekov, afisa kijana wa Enterprise. Katika mfululizo wa zamani ana miaka 22 mwaka 2267, yaani mwaka 2258 angekuwa mtoto wa miaka 13. Katika filamu anasema ana 17. Watetezi wakasema: alizaliwa baada ya 2233, kwa hiyo yote yawezekana, huenda wazazi wake walikutana mapema. Chukua Enterprise yenyewe. Ya zamani ilikuwa na urefu wa mita 289. Takwimu zilizotolewa kwa hii mpya zinapita mita 700. Wakasema: baada ya shambulio la Kelvin, watu walianza kujenga meli kubwa zaidi kwa hofu. Sawa. Lakini Kelvin yenyewe, iliyojengwa kabla Nero hajatokea, ina watu 800 ndani, wakati Enterprise ya Kirk wa zamani ilibeba 430. Hapo ndipo watetezi walianza kujikuna kichwa, na wengine wakadai kwamba mkondo ulikuwa tofauti hata kabla ya 2233.

Nilifuata mabishano hayo kwa raha yote, lakini naamini yalikuwa yanaficha jambo. Kulikuwa na kesi mbili zinasikilizwa katika mahakama moja. Kesi ya kwanza iliuliza: je, historia yetu imefutwa? Kwa kesi hiyo mkondo mpya wa wakati ni jibu kamili, tena la heshima. Kesi ya pili iliuliza: je, hii bado ni Star Trek? Kwa kesi hiyo mkondo mpya hauna la kusema. Mtu anayelalamika kuwa zamani watu walikaa mezani wakajadiliana kama ni haki kuingilia sayari ya wengine, na sasa wanarukiana mangumi juu ya mtambo wa kuchimbia, humtulizi kwa kumwambia kuwa ile meza bado ipo katika ulimwengu wa jirani.

Na kesi ya pili ilikuwa na vielelezo vingi. Abrams mwenyewe alikuwa akisema wazi kwamba hakukua akiipenda Star Trek, yeye alikuwa mtu wa Star Wars. Mwanga wa taa unaochoma lenzi umejaa kila kona kiasi kwamba baadaye alikiri ulizidi. Chumba cha injini kilipigwa picha katika kiwanda cha bia cha Budweiser huko Van Nuys, Los Angeles, na ukishajua huwezi tena kuona injini. Unaona mapipa na mabomba ya bia tu. The Onion, wale wa habari za mzaha, walitoa video ya mashabiki wakilalamika kuwa filamu inafurahisha na inatazamika, na mzaha ule uliuma kwa sababu ulikuwa karibu mno na ukweli. Kuna waliohisi kwamba kinachofurahisha wote kimeacha kuwa chao.

Soko halikuwa na shaka. Filamu iligharimu takriban dola milioni 150 na kuingiza zaidi ya milioni 385, na mwaka uliofuata ikapata Oscar ya urembaji, ya kwanza kwa Star Trek tangu ianze. Ila fedha ni jibu la kesi ya tatu, ambayo mashabiki hawakuifungua.

Badiliko ambalo lilinigusa mimi binafsi, kwa sababu za lugha, ni la Uhura. Jina lake lilitokana na neno letu uhuru, herufi ya mwisho ikageuzwa. Nichelle Nichols alisimulia kwamba alikwenda kwenye usaili akiwa na riwaya yenye jina hilo mkononi. Katika mfululizo wa 1966 anaonekana akizungumza Kiswahili. Jina lake la kwanza, hata hivyo, halikutamkwa kwenye skrini kwa miaka 40 na zaidi. Mashabiki na waandishi wa vitabu walimwita Nyota tangu miaka ya 1980, lakini kwa kanuni zao kisichotamkwa kwenye skrini si rasmi. Filamu ya 2009 inalifanya jina hilo kuwa mchezo. Mwanzoni, kwenye baa huko Iowa, Kirk anamsumbua amtajie jina lake kamili na Uhura anamnyima. Anaendelea kumnyima chuoni. Kisha, karibu na mwisho, Spock na Kirk wanakaribia kupelekwa kwenye meli ya Nero na huenda wasirudi. Uhura anambusu Spock mbele ya watu, na Spock anamwita Nyota. Kirk, pembeni, anashtuka: kumbe ndilo jina? Spock anamjibu kwa uso mkavu kwamba hana maoni juu ya suala hilo.

Kwa Mswahili sehemu hiyo ina ladha ambayo mwandishi wake huenda hakuipanga. Jina lililofichwa muda wote ni nyota, katika filamu inayohusu kusafiri kwenye nyota.

Mapenzi hayo yaligawa watu vikali. Waliopinga walisema mwanamke aliyekuwa afisa wa mawasiliano kwa stahili yake sasa amekuwa mpenzi wa fulani, tena Spock, ambaye thamani yake yote ilikuwa katika kujizuia. Waliounga mkono walitoa kipindi cha Charlie X cha 1966, ambamo Uhura anaimba akimtania Spock huku yeye akipiga kinubi, wakasema mbegu ilikuwapo. Mimi naona pande zote mbili zilitazama busu zikasahau kazi. Katika filamu hii Uhura ndiye aliyenasa ujumbe wa Waklingoni, watu wa sayari nyingine, kuhusu meli 47 zilizoangamizwa, na bila ujumbe huo Kirk asingejua wanaingia mtegoni. Ndiye anayekalia kiti cha mawasiliano kwa sababu anajua lahaja zote tatu za Kirumulani na aliyekuwa amekikalia hakuweza. Na alipopangwa kwenye meli ya Farragut ili Spock asionekane anampendelea, alimfuata na kumtajia sifa zake za masomo moja moja mpaka Spock akambadilishia. Anadai alichostahili. Uhura wa zamani aliruhusiwa hivyo mara chache mno.

Turudi kwenye mizani. Ukiulizwa badiliko lipi lilifanikiwa na lipi halikufanikiwa, kigezo changu ni gharama. Kuangamiza Vulcan kulikuwa na gharama. Watu bilioni 6 wanakufa, wanabaki kama elfu 10, na Spock, aliyekuwa nusu mtu wa kule na nusu mtu wa huku, sasa ni mmoja wa watu walio hatarini kutoweka. Hakuna kifaa cha kurekebisha wakati kinachotolewa mwishoni ili kuirudisha sayari, ingawa vipindi 700 vilitufundisha kukingoja. Nilikingoja hata mimi. Hilo lilikuwa tendo la ujasiri, na cha ajabu ndilo lililowakasirisha wengi zaidi.

Kirk kufanywa nahodha hakukuwa na gharama yoyote. Katika sehemu ya mwanzo ya filamu bado ni mwanafunzi aliyeitwa mbele ya baraza kwa udanganyifu katika mtihani wa Kobayashi Maru, ambao aliufanya huku akitafuna tufaha kwa madaha (tufaha hilo ni salamu kwa Kirk wa 1982, aliyetafuna lake akisimulia udanganyifu uleule). Anaimaliza akiwa amekabidhiwa meli kubwa kuliko zote. Siku chache tu. Kirk wa zamani alipanda ngazi, alihudumu Farragut, alibeba makosa yake kwa miaka. Hapa mkondo mpya umetumika kama njia ya mkato. Hali kadhalika pale anapotupwa kwenye sayari ya barafu na, katika sayari nzima, kukimbilia pango lilelile alimo Spock mzee. Jina la sayari, Delta Vega, limechukuliwa kutoka kipindi cha 1966, ambako ilikuwa mbali kabisa pembeni mwa galaksi. Hapa iko karibu na Vulcan kiasi kwamba unaiona ikifa angani kwa macho matupu. Waandishi walikiri waliihamisha kwa sababu walilipenda jina. Ni kosa dogo, lakini halihusiani na Nero wala 2233. Sayari hazihamishwi na kifo cha babake Kirk.

Ukitaka kuona ufunguo ulivyokuja kuvunjika, tazama filamu iliyofuata, Into Darkness ya 2013. Baada ya kujinunulia uhuru wote ule kwa damu ya sayari nzima, watengenezaji walirudi kumchukua Khan, adui wa 1967 na 1982. Kabla ya filamu kutoka walikana kwamba Benedict Cumberbatch anacheza Khan, na baadaye Abrams akakubali kuwa ingekuwa bora wangesema wazi. Lakini kwa mjadala wetu tatizo lilikuwa la ndani zaidi. Khan, kwa historia ya Star Trek, aligandishwa na kurushwa angani mwaka 1996, zaidi ya miaka 230 kabla ya Kelvin. Hakuna ambacho Nero angeweza kumbadilisha. Angepaswa kuwa mtu yuleyule aliyechezwa na Ricardo Montalbán, mtawala mwenye asili ya India Kaskazini. Badala yake tulipata Mwingereza mweupe. Ikabidi kitabu cha katuni kije kueleza kuwa alifanyiwa upasuaji. Halafu tukio la filamu ya 1982, kifo cha Spock ndani ya chumba cha mionzi, likarudiwa, safari hii Kirk ndani na Spock nje akipiga ukelele. Hata waliokuwa wakitetea mkondo mpya kwa nguvu zote waliishiwa maneno: ruhusa iliombwa ili kufanya mapya, ikatumika kunakili.

Katika mkutano wa mashabiki huko Las Vegas, Agosti 2013, waliohudhuria walipanga filamu zote kwa ubora, na Into Darkness ikashika mkia. Wengi waliisoma kura ile kama hukumu juu ya mradi mzima wa Abrams. Siioni hivyo, maana ile ya 2009 haikuwekwa huko chini.

Yaliyofuata yaliimaliza kesi ya kwanza kimyakimya. Mwaka 2016 mkondo mpya ulipewa jina rasmi, Kelvin, na ule wa zamani ukabaki kuwa mkondo mkuu. Mwaka 2020 mfululizo wa Picard ulianza, na msingi wake ni nini? Kulipuka kwa nyota iliyoangamiza Romulus, tukio lililobuniwa na filamu ya 2009. Historia iliyodhaniwa kufutwa iliendelea pale Orci na Kurtzman walipoiachia.

Nimoy alifariki tarehe 27 Februari 2015. Katika Star Trek Beyond ya 2016, Spock kijana anapewa kisanduku cha vitu vya marehemu Spock mzee. Anakifungua na kukuta picha ndani ya fremu: Kirk, McCoy, Scotty, Uhura, Sulu, Chekov na Spock, wale wa zamani, wamezeeka, wamesimama pamoja wakiwa na sare nyekundu. Katika mkondo wake yeye picha hiyo haijawahi kupigwa. Anaitazama kwa muda bila kusema kitu.